Mpira Mwembamba na Mlima wa Hada

Mmekuwa mkinipigia simu nyinyi mliobaki gereji kule Jeddah, mnauliza habari za mifumo ya gesi, na kila nikianza kuwajibu napotea njia, najikuta naeleza habari ya mbuzi wa jirani. Basi nimenunua daftari. Nitaandika, na nikipotea mtaruka ukurasa.

Nilisoma mpaka darasa la sita, na hilo la sita sikulimaliza, kwa hiyo mkifika mahali hapaeleweki msijilaumu. Huenda hata mimi sikupaelewa. Vyeo sitavitaja kwa sababu sikuvipata. Nitaandika juu ya mpira mmoja mwembamba, ule wa mvuto unaofungua kufuli la gesi. Mpira huo ulinichanganya akili mpaka mwenzetu mmoja akakaribia kurudishwa nyumbani kwa kosa langu, na hata sasa nikikaa nje hapa Voi na kikombe cha chai haujaacha kunichanganya.

Nilianzia Riyadh. Kwenye karatasi zangu iliandikwa dereva, lakini kafili wangu wa kwanza, yaani mwajiri aliyenidhamini, aliponiona nikigeuza gari uani kwake alishika kichwa, akanipeleka sanaiya, ile mitaa ya magereji pembeni mwa mji, akaniambia kaa hapa. Hakusema nifanye nini. Nikakaa juu ya tairi tangu asubuhi hadi adhuhuri nikijiuliza kama kukaa ndiyo kazi yenyewe, maana nilikuwa nimesikia Arabuni kuna kazi za kila namna.

Aliyeniondoa juu ya tairi ni Ustadhi Bashir, Mpakistani mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alikuwa fundi wa foklifti, zile mashine za kuinua mizigo maghalani, ambazo hutumia mtungi wa gesi ili zisijaze ghala moshi. Alinipa ncha ya mpira mweusi, mwembamba kama kidole cha mwisho, akasema, "Vuta."

Nikafikiri ni namna ya sigara ya kwao. Nikavuta. Mdomo ukajaa ladha ya kitunguu kilichooza, ndiyo ile harufu gesi hutiwa ili ikivuja ujue.

"Sasa weka ulimi."

Nikaweka ulimi. Mpira ukaning'ang'ania kama kupe. Bashir akahesabu kwa lugha yake, sijui mpaka ngapi, mimi nimetoa ulimi mate yanachuruzika na mafundi wote wamesimama wanatazama Mwafrika mpya. Mwishowe akatikisa kichwa, "Kuwayyis," yaani safi, akaning'oa ule mpira. Kumbe alikuwa anapima kufuli. Mpira ukibaki umeganda ulimini, ngozi ya ndani ni nzima. Ukidondoka, imetoboka. Nyinyi mna pampu ndogo ya mkono siku hizi, tumieni hiyo. Mimi ulimi wangu hausikii chumvi vizuri, na mke wangu anasema ni kisingizio cha kumwaga chumvi nyingi kwenye mboga.

Kufuli lenyewe si kitu kikubwa. Ni kopo la chuma njiani kati ya mtungi na injini, ndani lina ngozi ya mpira na springi. Injini ikizunguka inavuta hewa, mvuto unapita kwenye ule mpira mwembamba, ngozi inavutwa, kufuli linafunguka, gesi inapita. Injini ikizima mvuto unakufa, springi inasukuma, kufuli linafunga. Dereva hata akisahau kufunga mtungi, gesi haimwagiki. Ni ulinzi. Bila huo mpira tungekuwa tunaokota vipande vyetu juu ya mabati.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo penye yote. Bashir alikuwa anachomeka mpira huo mahali pamoja tu, kwenye miksa. Miksa inakaa juu kabisa kwenye mdomo wa injini, hapo hewa na gesi zinapochanganyika. Chini yake ndipo kuna kipepeo, kile kibati kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Na chini ya kipepeo kuna manifoldi, mabomba yanayogawa mchanganyiko kwenye injini. Nilimuuliza Ustadhi kwa nini juu kwenye miksa na si chini. Akapagonga na spana mara mbili. "Hapa." Nikauliza tena. Akapagonga tena. Hilo ndilo somo nililopata, na mimi si mtu wa kumsumbua mwalimu.

Baadaye Bashir alistaafu akarudi kwao, na mimi nikahamia kafili mwingine, Jeddah. Ikama mpya, yaani kibali cha kuishi, chumba cha watu sita mtaa wa Bani Malik, bafu moja, na mmoja wetu alikuwa anaimba humo ndani nyimbo za kanisani beti zote. Huyo bafuni ni hadithi nyingine. Gereji ya bosi ilihudumia foklifti za maghala karibu na bandari, na fundi wa gesi nilikuwa mimi peke yangu.

Siku moja kulikuwa na foklifti inayokataa kuwaka asubuhi. Starta inazunguka weee, gesi haiji. Nikachomoa ule mpira kwenye miksa, nikaweka kidole kwenye tundu, nikasikia mvuto mdogo, kama mtoto anayenyonya huku anasinzia. Nikachomoa kizibo kwenye manifoldi, nikaweka kidole. Ikakishika kidole! Ikakivuta mpaka kikawa cheupe. Nikajiambia, Ustadhi Bashir alikuwa mtu mzuri lakini mvivu, alichomeka pale juu kwa sababu ndipo mkono unapofika bila kuinama. Nikahamishia mpira kwenye manifoldi. Foklifti ikawaka kwa starta moja.

Bosi alipoona akanipiga bega akaniita muhandis, yaani injinia. Neno hilo si zuri kumpa mtu wa darasa la sita. Tangu siku hiyo kila foklifti iliyoingia nilihamisha mpira, hata isiyo na ugonjwa. Na zote ziliwaka vizuri. Miaka. Nataka mkumbuke hilo mnaponicheka, kwamba kosa langu lilifanya kazi kwa miaka.

Kisha bosi akapata wazimu wa kutia gesi kwenye magari. Ukiniuliza kwa nini mtu atie gesi kwenye gari katika nchi yenye petroli kama maji, sijui. Nilimuuliza naye akasema, "Kwa sababu ninaye muhandis." Gari la kwanza lilikuwa la dada yake, madam wa mtaa wa Al-Rawdah, gari refu la Kimarekani la viti safu tatu, zee lakini linapendwa kwa sababu liliachwa na marehemu baba yao. Tukatoa tangi la petroli, tukaweka la gesi. Mpira mwembamba nikauchomeka wapi? Manifoldi. Pale panapovuta.

Dereva wa gari hilo alikuwa Mutiso, kijana wa Kitui, mpole, anaendesha kama amebeba mayai. Miezi miwili hakuna neno. Shule zikafungwa, madam akataka kwenda Taif kwenye baridi. Taif iko juu milimani, na barabara ya kupanda inaitwa Hada, inajikunja kama utumbo ukutani mwa mlima. Wakapakia watoto watano, mabegi, nyanya mzaa mama, birika na majiko. Katikati ya mlima, kwenye kona, gari likazima. Usukani ukawa mzito kama jiwe. Lori dogo la nyuma likakwepa kwa upana wa kiganja.

Jumamosi Mutiso akaniletea gari gereji. Macho mekundu.

"Mzee, hii gari itanimaliza. Inazima nikiwa kwa kona, na watoto wanapiga nduru."

"Ulikanyaga mafuta?"

"Nilikanyaga mpaka chini! Vile nakanyaga ndivyo inakufa. Nikiinua mguu inarudi kidogo. Nikikanyaga, inakufa tena."

Nikafungua boneti. Nikabadilisha chujio, plagi, nikafungua konvata, ile inayogeuza gesi ya maji kuwa hewa, nikaosha. Nikavuta mpira, nikaweka ulimi, ukaganda. Nikaliendesha barabara ya pwani, likaenda kama malaika. Nikamrudishia, nikamwambia limepona. Wakaenda tena Taif, likazima tena, kona ileile.

Safari hiyo bosi alikwenda mwenyewe kulichukua. Akalishusha, akalipandisha peke yake polepole bila mzigo, halikuzima hata mara moja. Akanipa nilikague tena mara mbili, sikuona kitu. Akamwambia dada yake, "Gari zima. Mbovu ni dereva." Madam akasema watoto wake hawatakufa kwa sababu ya mtu asiyejua kupanda mlima. Aanze kutafutiwa karatasi za kuondoka.

Mutiso akaja Bani Malik Ijumaa asubuhi, akakaa kitandani kwangu na viatu.

"Mzee, wewe umeangalia hiyo gari mara ngapi?"

"Tatu."

"Na haina kitu?"

"Haina kitu ninachokiona."

"Basi ni mimi," akasema. "Nimeendesha lori Kitui mpaka Garissa, nimeendesha mchanga, lakini ni mimi." Halafu akacheka vibaya. "Nikifika nyumbani nitawaambia nini? Nilifukuzwa kwa sababu nilikanyaga mafuta?"

Nilikuwa nimechanganyikiwa kweli. Gari linakufa likikanyagwa na linafufuka likiachwa. Hakuna kitu duniani cha namna hiyo, labda punda. Nikamwambia amuombe madam gari kwa siku moja, tukajaribu. Sijui alimuombaje, lakini alirudi na ufunguo.

Tulipakia galoni ishirini za maji badala ya familia, maana bosi alikuwa amelipandisha tupu na mimi nilitaka uzito. Nikachukua geji ya mvuto, saa yenye mshale inayoonyesha injini inavuta kiasi gani. Nikaunga mpira mrefu kutoka manifoldi, ukapita chini ya boneti, ukaingia dirishani mpaka mapajani mwangu. Tukashika ile njia inayozunguka Makka nje, ya sisi tusio Waislamu, ambayo ukikosea kutoka unawaeleza polisi mpaka ulimi unakauka. Mutiso hakukosea. Aliyesema hajui kuendesha hakuwahi kuketi kando yake.

Tukaanza kupanda Hada. Mshale ulikuwa juu, umetulia.

"Kanyaga," nikasema.

Akakanyaga kidogo. Mshale ukashuka. Nikaigonga geji na ukucha.

"Nini, mzee?"

"Geji imekufa. Kanyaga zaidi."

Akakanyaga mpaka chini. Mshale ukaanguka mpaka sifuri, na gari likakohoa, likazima.

"Unaona!" Mutiso akapiga kelele. "Unaona! Ni mimi hiyo?"

"Inua mguu!"

Akainua. Mshale ukaruka juu kama panzi, gari likawaka likiwa bado linasota. Akakanyaga, mshale ukaanguka, likafa. Tulifanya hivyo mara nne tukipanda, honi zinatulilia nyuma, na kila mara nilisema geji imeharibika, kwa sababu haiwezekani. Ukikanyaga mafuta injini inafanya kazi zaidi. Ikifanya kazi zaidi inavuta zaidi. Mtu yeyote anajua hivyo. Nilitamani hata kumuuliza mbuzi.

Tukafika pale juu magari yanapopumzika, nyani wakaja kukaa juu ya boneti iliyo moto, wakisubiri ndizi. Nikampigia simu Ustadhi Bashir kwao. Alipokea huku anatafuna.

"Ustadhi, ule mpira mwembamba. Nilihamishia manifoldi."

Kutafuna kukakoma. "Kwa nini?"

"Kwenye miksa panavuta kidogo."

"Kidogo panatosha. Na mlimani?"

"Mlimani unakufa."

Akaita watu wa nyumbani kwake, nadhani awasimulie, kwa sababu nilisikia vicheko vya kike. Kisha akarudi. "Sadiki," yaani rafiki yangu, "funika mdomo na kiganja. Vuta pumzi." Nikafunika, nikavuta. Mashavu yakaingia ndani. "Sasa ondoa kiganja, vuta kwa nguvu zote." Nikaondoa, nikavuta. Hewa ikaingia tele, mashavu hayakusogea. "Kiganja ni kipepeo," akasema. "Ukikanyaga, unaondoa kiganja. Manifoldi haina cha kuvuta tena, hewa inajaa tu."

"Na miksa kwa nini haifi?"

"Iko juu ya kiganja. Hewa ikipita nyingi, inavuta zaidi. Nadhani. Aliyenionyesha alipagonga na spana."

Basi hapo, kama nyani wawili, mimi na Mutiso tukabaki tunapumua kupitia viganja vyetu. Alikuwa wa kwanza kushusha mkono.

"Kumbe mzee ni wewe," akasema. "Wiki zote hizi."

Nikachomoa mpira, nikaurudisha kwenye miksa, tundu la manifoldi nikaliziba kwa kizibo chake. Tukashuka mpaka chini, tukageuza, akakanyaga mpaka chini toka mwanzo wa mlima mpaka juu, galoni zikigongana nyuma. Halikukohoa hata mara moja.

Mnafikiri mambo yameisha, gari limepona. Mimi pia nilifikiri. Nikamweleza bosi. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Halas," yaani basi. "Limepona, usiseme kitu." Alikuwa amejisifu kwa ndugu zake wote kuhusu muhandis wake.

"Na Mutiso?"

"Mutiso dereva. Madereva wapo wengi."

Nilikaa siku mbili nikiwaza. Ikama yangu ilikuwa mikononi mwa huyo bosi, na mimi si shujaa, niandike hivyo hivyo. Siku ya tatu nikasikia madam ameshapiga muhuri karatasi ya kuondoka, bado tiketi. Nikapanda teksi ya kuchangia, nikateremka Al-Rawdah, nikagonga lango. Nikasimama uani na kofia mkononi. Madam akatoka, nyanya nyuma yake.

"Madam, gari lilizima kwa sababu yangu. Bosi hajui nimekuja."

"Ndugu yangu amesema ni dereva."

"Funika mdomo na kiganja, madam."

Akanitazama kama mwenda wazimu. Nyanya ndiye aliyefunika, akavuta, mashavu yakaingia, akacheka. Basi madam naye akafunika kupitia shela. Nikawaeleza kama nilivyoelezwa, kwa Kiarabu changu cha gereji, nikapotea mara mbili. Akanirudisha mwenyewe njiani.

"Ngoja. Akikanyaga sana, gesi inafunga?"

"Ndiyo, madam."

"Na akiacha, inafunguka?"

"Ndiyo."

Akakaa kwenye ngazi. Nilidhani anaita polisi.

"Siku ile kwenye kona," akasema, "yeye alikuwa anainua mguu. Aliinua mguu na gari likaanza kurudi. Mimi ndiye niliyempiga begani. Mimi ndiye niliyekuwa napiga kelele, kanyaga, kanyaga, tutakufa."

Nyanya akasema kitu ambacho sikukielewa, na madam akamjibu, "Najua, mama." Kisha akaingia ndani. Alirudi na karatasi ya Mutiso, akaichana vipande vinne mbele yangu, akanipa nivitupe.

Bosi hakuniita muhandis tena. Alinituma ghala kwa ghala nirudishe mipira ya foklifti zote nilizohamisha, na nikiwa chini ya kila moja alisimama akiuliza mbele ya watu, "Hii nayo uliitengeneza?" Ilichukua msimu mzima wa joto. Zile zilizokuwa ngumu kuwaka nikagundua shida yao ilikuwa springi ya kufuli, kuukuu, riyali chache tu. Vijana, kabla hamjahamisha kitu cha aliyewatangulia, badilisheni springi kwanza.

Mutiso hakuongea na mimi mwezi mzima. Salamu alijibu, maana ni mtu wa kanisani, lakini zaidi ya salamu hapana. Aliendesha lile gari miaka mingine minne, na Hada alipanda kila likizo na familia ile. Alikuwa analileta gereji kwa huduma kama kawaida. Ila kabla sijashika chochote alifungua boneti mwenyewe, akaweka mkono juu ya miksa, akauacha hapo mpaka nimalize kazi yangu yote.

"Mzee," alikuwa akisema, "fanya kila kitu. Hapa peke yake nitapashika mimi."